Beki Aliyebaki Kwenye Nguzo

Msimu wa usajili ukifika, sisi madereva wa watalii hatufai kwa lolote. Saa kumi na mbili asubuhi tuko kwenye geti la hifadhi, ukungu umetufunika, foleni ya vibali haisogei, na badala ya kukagua matairi tumesimama duara, mikono ndani ya makoti, tukigombana juu ya kiungo kutoka Kongo ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona akigusa mpira. Watalii hututazama kupitia vioo. Mama mmoja aliwahi kuniuliza tulikuwa tukijadili nini kwa ukali vile, nikamwambia tunagawana pande za kumtafutia faru. Alishukuru sana, akanipa na biskuti.

Sina utulivu, na sijawahi kuwa nao. Mke wangu husema hata nikiwa nimelala, goti langu liko safarini. Kwa hiyo miezi ya usajili hunipendeza, maana ndiyo miezi pekee ambayo nchi nzima inakuwa kama mimi: nani anaondoka, nani anabaki, nani ameonekana uwanja wa ndege amevaa kofia. Asubuhi unaapa timu yako imekwisha, jioni unaapa ubingwa ni wako. Mtu akiniuliza napenda nini hasa katika hayo, sina jibu la maana. Napenda kelele.

Ukiacha kijiwe cha getini, tuna kingine cha kwenye simu. Ni kundi letu watu wa Karatu, tuliobaki na waliotawanyika: wako Arusha, wako Dodoma, wako migodini. Mchana hubishana juu ya zile timu mbili kubwa za Dar, lakini jioni, watu wakishakula, mazungumzo hurudi nyumbani. Mmoja ataandika, mnakumbuka kipa yule aliyekuwa anadaka na kofia ya sufu? Basi hapo hakuna anayelala. Wataletwa marefa walioishi zamani, viatu vilivyoazimwa, mechi zilizovunjika kwa sababu ng'ombe walikatiza uwanjani na mwenyewe hakuwa na haraka.

Mwaka huu timu yetu ya mji imepanda ligi ya mkoa, na kelele zimeongezeka maradufu. Kila mtu ana mchezaji wa kupendekeza, wengi wao wakiwa wapwa zao. Jumatatu moja mwenyekiti wa timu, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaandika kwamba wachezaji wangesubiri kidogo, kwanza anatafutwa kocha, na kamati ingekaa Jumamosi kumpitisha mtu mmoja anayeishi Qurus. Akaeleza ni nani: mzaliwa wa Sale, huko wilaya ya Ngorongoro, aliyeoa Qurus na kuhamia shambani huko, na ambaye kwa miaka mingi amefundisha watoto wa shule ya msingi mpira bila kulipwa hata soda, mpaka kata nyingine zikaogopa kucheza nao.

Dakika haikupita. Mtu wa Dodoma akauliza, "Huyu si yule aliyelala kwenye nguzo?"

Vikafuata vikatuni vya kucheka, vingi, skrini nzima. Kisha ujumbe wa sauti, mmoja baada ya mwingine. Atawafundisha mabeki kulala. Atakuja na mto. Mwingine akatuma picha ya ukuta wa ofisi ya timu, ambako fundi wetu wa rangi alichora goli lile miaka mingi iliyopita: mshambuliaji wetu ameruka, kipa ameanguka, na pembeni, mdogo, ameegemea nguzo ya mbali, mtu wa jezi nyekundu namba tatu mgongoni.

Nilikuwa nimekaa nje ya loji nikisubiri wageni wamalize chai. Niliizima simu, nikaiwasha, nikaizima tena. Nilijua sina budi kusema kitu, na nilijua sitasema.

Lazima nieleze mechi yenyewe. Ilikuwa fainali ya kombe la ng'ombe, timu yetu ya mji dhidi ya timu ya Ngorongoro, kwenye uwanja wetu. Ng'ombe wa zawadi alikuwa amefungwa nyuma ya benchi anakula majani yake. Wageni, waliovaa jezi nyekundu, walikuja na malori mawili ya mashabiki, na wafugaji wengine walikuwa wametoka mnadani, wakaja na fimbo zao na mashuka yao. Hatukuwa na uzio. Watu walisimama juu ya mistari ya chokaa, wakisukumwa wanarudi hatua moja, ukigeuka wamesogea mbili. Ulikuwa upepo wa Julai, na vumbi letu jekundu unalijua, likiinuka halikuachi uone mkono wako. Mimi nilikuwa mshika kibendera. Nilikuwa nimetoka kwenye kozi ya waamuzi ya wiki mbili na nilijiona bingwa.

Jambo jingine, na hili ndilo zito. Alikuwepo mtu kutoka timu kubwa ya Arusha, amekuja kutafuta wachezaji. Kila mtu alijua amekuja kuwaangalia wawili: mshambuliaji wetu, na beki wa kushoto wa wageni, kijana wa miaka kumi na tisa kutoka Sale, namba tatu, ambaye kwa dakika themanini na tano alikuwa hajapitwa na mtu. Hata sisi tulikuwa tumeanza kumpenda.

Ikapigwa kona yetu. Wakati wa kona, namba tatu kazi yake ilikuwa kukaa kwenye nguzo ya mbali. Mpira ukaokolewa, mabeki wao wakatoka mbio kama walivyofundishwa, wachezaji wetu wakarudi nao, isipokuwa mshambuliaji wetu aliyebaki mbele ya goli. Mpira ukarudishwa kwake. Sasa, kwa asiyefuatilia mpira: pasi inapopigwa, mshambuliaji akiwa amewapita wapinzani wote ila kipa, ameotea na goli linakataliwa. Akiwepo mpinzani mwingine mmoja tu karibu na mstari, goli ni halali. Niliangalia. Vumbi lilikuwa limepanda. Nikamwona kipa, na kwenye nguzo ya mbali nikaona mtu wa nyekundu. Nikahesabu wawili. Kibendera kikabaki chini, goli likaingia, mji wote ukamwagika uwanjani.

Nahodha wao alinifuata akiwa amekasirika kupita kiasi, refa akiwa nyuma yake. Akataka nimwambie ni nani aliyekuwa amebaki. Nikamjibu bila kusita, kwa sauti ya mtu wa kozi ya wiki mbili, "Namba tatu wenu. Alibaki kwenye nguzo."

Waliondoka. Mimi nikageuka kuangalia ile nguzo, sijui kwa nini, labda kujipongeza. Mtu wa nyekundu alikuwa bado pale. Alikuwa mfugaji wa makamo, shuka jekundu limejaa vumbi, ameingia ndani ya mstari ili aone vizuri, ameegemea fimbo yake kando ya nguzo. Alijitupia shuka begani, akatoka taratibu, akicheka na wenzake. Hakukuwa na mwingine wa nyekundu pale. Nilikuwa nimemhesabu mtazamaji.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Refa alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Lakini watu wa mji walikuwa wameshaninyanyua juu, mimi mshika kibendera, na nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na niliogopa. Sina maelezo mengine. Jioni, kando ya lori lao, nilimwona nahodha akimfokea namba tatu mbele ya watu wote. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Mtu wa Arusha alimsajili mshambuliaji wetu peke yake, na mshambuliaji wetu baadaye akafika mpaka Dar, na goli lile likawa ndiyo historia ya mji huu.

Miaka kumi na sita nimekaa na jambo hilo. Nisidanganye kwamba lilinila kila siku. Ilikuwa inapita hata miezi. Lakini kila aliposimulia mtu habari za goli, nilisimama kwenda kuangalia gari, au kujisaidia, au kumpigia mke wangu simu bila sababu. Nilipokuja kusikia namba tatu ameoa Qurus, kilomita chache tu kutoka kwangu, nikaanza kuwa na sababu za kutopita njia ile.

Wiki ile nilikuwa na wageni wa siku nne, wazee wawili wapole waliotaka kuona ndege wadogo. Sijawahi kuendesha vibaya vile. Nalipwa kwa ajili ya macho yangu, kumwona chui juu ya mgunga kabla mtu mwingine hajamwona, na siku ile ya pili nikampita simba dume aliyelala kando ya barabara, ikabidi dereva mwingine aniite kwenye redio kuniuliza kama nimelewa. Jioni, kambini, ambako hakuna mtandao ila juu ya jiwe moja, nilipanda jiwe. Mpishi akadhani nina mgonjwa nyumbani, akaniandalia supu. Nikaandika ujumbe mrefu, nikafuta. Nikaandika mfupi, nikafuta. Kundini walikuwa hawajachoka. Mmoja alikuwa ametengeneza wimbo.

Nilijikasirikia, kisha nikawakasirikia wao, kisha nikamkasirikia namba tatu mwenyewe kwa kutojitetea miaka yote hiyo. Ndivyo nilivyo. Nikikosa pa kuweka kosa langu, namtafuta mwenye nafasi.

Ijumaa niliporudi nilikwenda moja kwa moja dukani kwa mwenyekiti, bado nina vumbi la safari. Nikamsimulia lote, shuka na fimbo na kila kitu. Alinisikiliza huku akipima misumari kwa mteja. Alipomaliza alinivuta nyuma ya mabati, akaniambia kwamba yeye hana shida na kocha, kesho angemtetea, ila nisiguse lile goli. Aliniuliza mji huu una nini kingine. Watu hupita hapa kwenda kuona kreta, hakuna anayekuja kutuona sisi. Tuna goli moja.

"Mwanangu," alisema, "unataka nikapake chokaa ukuta ule?"

Nikamwambia sitaki chokaa, nataka mtu apewe haki yake. Akasema haki itapatikana bila fujo, kura ya kamati ni watu saba, na wanne anawajua. Nikarudi nyumbani. Usiku kucha nilimsumbua mke wangu kwa kujigeuza, mpaka akahamia chumba cha watoto.

Jumamosi saa tatu asubuhi nikaandika. Nilifumba macho nikatuma kabla kidole hakijabadili mawazo. Niliandika kwamba namba tatu hakuwa kwenye nguzo, kwamba niliyemwona alikuwa mtazamaji mwenye shuka, kwamba mshambuliaji wetu alikuwa ameotea na mimi ndiye niliyekosea, na kwamba nilijua tangu siku ile.

Kundi likanyamaza. Nikaanza hata kupumua. Halafu mtu wa Dodoma akaandika kwamba wakwe zake namba tatu huko Qurus wamenichinjia mbuzi. Mwingine akasema umri umeniingia machoni, ndiyo maana siku hizi wageni wangu wanaona vichuguu wanaambiwa ni tembo. Wakacheka wee. Hakuna hata mmoja aliyekasirika, na hilo liliniumiza kuliko kama wangenitukana, kwa sababu anayetukanwa ni yule aliyeaminiwa. Ni mshambuliaji wetu tu, ambaye naye yumo kundini, aliyekuwa hakucheka. Baada ya dakika kama kumi nikaona maandishi yale madogo yanayotokea katikati ya skrini, kwamba amejitoa kwenye kundi.

Kisha mwenyekiti akanipigia. Hakunikaripia. Aliniambia namba tatu alifika dukani kwake saa moja asubuhi ile, kwa miguu kutoka Qurus, kumwambia ajulishe kamati kwamba haitaki ile kazi. Gulioni kuna mtu alimchezea zile sauti za kundini, zote, tangu Jumatatu. Mwenyekiti alijaribu kumbembeleza. Akajibiwa kwamba mtu mwenye kosa kama lile la kwake hawezi kuwasimamia mabeki wa ligi ya mkoa, watamcheka mazoezini, na watakuwa na haki.

"Ungesema Jumatatu," mwenyekiti alisema.

Jumapili baada ya ibada nilikodi pikipiki. Qurus wakati wa mavuno kila uwanja umejaa mahindi, na nilimkuta namba tatu amekaa kwenye gunia mbele ya nyumba yake anapukuchua, peke yake, mkewe hajarudi kanisani. Amekuwa mtu mzima mwembamba mwenye mvi kidogo juu ya masikio. Hakunitambua. Nilipojitaja alisema, "Karibu, kaka," akanisogezea kigoda, na kwa kuwa siwezi kukaa bure nikachukua hindi nikaanza kupukuchua naye.

Nilimsimulia. Sikuacha kitu. Nilimwambia kuhusu vumbi, kuhusu mfugaji, kuhusu nahodha wake aliponiuliza na nilivyojibu, na kwamba nilijua kabla hata wao hawajapanda lori. Nilisema nisamehe. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, hata kwa kofi. Kwa kweli nilikuwa naitamani.

Aliacha kupukuchua. Akaangalia mkono wake wa kulia.

"Lakini mimi nakumbuka ile nguzo," alisema. "Nakumbuka ilikuwa na joto la jua. Nilikuwa nimeishika hivi."

Nikamwambia labda aliishika wakati wa kona, kabla mpira haujaokolewa. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, ni kama mtu anayejaribu kufuata njia aliyoambiwa. Alisema siku ile alitaka kubisha. Alipofika kwenye lori alikuwa anajua kabisa kwamba alitoka na wenzake. Lakini nahodha alisema amebaki, na kipa akasema huenda, na wakamwambia mshika kibendera mwenyewe amemwona, tena kwa namba. Njia nzima ya kurudi, kupitia kreta mpaka Loliondo, usiku na mchana, alijaribu kujiona akikimbia kutoka, na kila alipojaribu picha ilikuwa imefifia zaidi. Walipofika Sale, alikuwa anaona nguzo tu. Baba yake alipomuuliza, alisema ndiyo, nililala.

"Watoto wa hapa," akaendelea, "kitu cha kwanza ninachowafundisha ni hicho. Kona ikiokolewa, toka. Msibaki kama mimi. Nawaonyesha na jinsi nilivyosimama."

Nilikuwa nimekuja kumrudishia jambo lake, na nilikuta mahali pake hapapo tena. Mahindi yalikuwa yananikata vidole na niliendelea kuyapukuchua kwa nguvu, maana ningeacha ningelia mbele yake, na sikuwa na haki ya kulia nyumbani kwa mtu yule.

Alinigeukia. Hakuwa na hasira hata kidogo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeuliza kwa sababu anataka kujua, na anaamini aliyeulizwa anajua.

"Sasa, kaka. Kama sikuwa kwenye nguzo, nilikuwa wapi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Ulikuwa umetoka na wenzako, ulikuwa mstari mmoja nao, ulikuwa beki bora uwanjani. Lilikuwa jibu la kweli, karibu hakika. Angelichukua, angelala nalo, labda kesho angepita tena dukani kwa mwenyekiti. Lakini sikuwa nimeliona. Nilikuwa nimeangalia nguzo tu, na nyekundu moja, na sikumtafuta yeye hata kidogo, si wakati wa goli wala baada yake. Mara moja nilishasema mahali alipokuwa bila kumwona.

"Sijui," nikasema. "Sikukuangalia."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kunitazama, akisubiri nimalizie.